Ukingo wa Mto ni wa Nani?

Nyumba ni ya mtu, lakini njia ni ya watu. Mtu aweza kufunga mlango wa nyumba yake bila ya kumdhulumu jirani. Hawezi kufunga njia bila ya kuwadhulumu wote wapitao, na pamoja nao wale ambao hawajazaliwa bado. Kwa hiyo kazi ya kuchora njia za mji, ijapokuwa hufanywa kwa kamba, vigingi na wino, si kazi ya vipimo peke yake. Ni kazi ya hukumu. Mstari mmoja juu ya karatasi humpa huyu na kumnyima yule, humkaribisha mmoja na kumwondoa mwingine. Na aghalabu mchoraji hukaa mbali na wale anaowahukumu. Mahali popote hukumu hii ni nzito, lakini kando ya mto uzito wake huzidi, maana hapo njia mbili hukutana: njia ya watu, ambayo mwanadamu huichora, na njia ya maji, ambayo hakuichora yeye.

Huenda likaonekana jambo la ajabu kulitafakari swali la miji ya mtoni katika nchi ya Biharamulo. Mji wa Biharamulo wenyewe uko juu ya miinuko, na boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 lingali limesimama kilimani, likitazama mbali kama watawala wa zamani walivyopenda kutazama. Hata pwani ya Ziwa Viktoria, ambayo wilaya hiyo ilijivunia zamani, iliiponyoka ilipomegwa mwaka 2005 ili kuundwa wilaya ya Chato. Lakini barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Rwanda hupita Nyakanazi na Lusahunga katika ardhi ya Biharamulo, ikaingia Ngara, ikateremka mpaka Rusumo. Hapo Mto Ruvubu hukutana na Nyabarongo, maji yao yakawa Mto Kagera, na Kagera ikaporomoka katika maporomoko yaliyo mpakani kabisa. Barabara na mto hukutana Rusumo kama wasafiri wawili walio na haraka. Mji wa hapo bado ni mdogo. Kwa sababu hiyo hasa ni mahali pema pa kuuliza swali ambalo miji mikubwa huliuliza ikiwa imekwisha kuchelewa: ukingo wa mto ni wa nani, na njia zake zichorweje ili haki isizame?

Wadai wa ukingo ni wanne. Wa kwanza ni mto wenyewe. Wa pili ni mpita njia, ambaye ataka kuvuka au kusafiri kandokando ya maji bila ya kuchelewa. Wa tatu ni mwenye mali, ambaye huona mahali pazuri pa hoteli, maduka na majumba ya fahari. Wa nne ni mkazi aliyetangulia, ambaye pengine hana hati wala fedha, lakini anayo mazoea: huchota, hufua, hunywesha mifugo, hulima mboga, na labda amejenga kibanda. Hakuna hata mmoja wao ambaye madai yake ni upuuzi mtupu. Ugumu wa swali ni huo, kwa maana kama mmoja angalikuwa mwovu na wengine wema, mchoraji asingalihitaji hekima. Angalihitaji nguvu tu.

Dai la mto lafaa kusikilizwa kwanza, kwa sababu mto ulitangulia na kwa sababu hauna msemaji. Mwanadamu akidhulumiwa hupeleka shauri barazani. Mto hungoja mvua. Mwezi wa Desemba 1961 Dar es Salaam ilisherehekea uhuru. Desemba 2011, miaka 50 baadaye, mji huohuo ulizika watu zaidi ya 40 waliouawa na mafuriko, na bonde la Mto Msimbazi lilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia. Maji hayakufanya hila yoyote. Yalirudi katika bonde lao yakakuta nyumba, barabara na maghala, yakapita. Wahenga walisema kwamba maji hufuata mkondo; hawakusema kwamba maji hufuata ramani. Njia ya Morogoro inapovuka bonde hilo Jangwani imefungwa na maji mara nyingi tangu hapo, na kila ilipofungwa mji mzima ulijifunza upya kwamba barabara iliyomnyima mto nafasi yake hukopa, na deni la mto hulipwa kwa riba.

Sheria ya Tanzania imelitambua dai hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Mita 60 si nyingi: mtu mzima huzimaliza kwa dakika moja akitembea bila ya haraka. Lakini ndani ya dakika hiyo mto hupata mahali pa kupumulia unapofura, majani hupata mahali pa kushika udongo, na taka za mji hupata kizuizi cha mwisho kabla ya kuingia katika maji yanywewayo na watu wa chini. Kagera huishia katika Ziwa Viktoria. Uchafu utupwao Rusumo hautoweki, bali husafiri kwenda kwa mtu mwingine. Haki ya mto, ikitazamwa vizuri, ni haki ya jirani asiyeonekana.

Mfano mzuri wa kumpa mto haki yake upo Rusumo penyewe. Tanzania, Rwanda na Burundi zilikubaliana kujenga pamoja mtambo wa umeme wa megawati 80 katika maporomoko hayo na kuugawana umeme huo sawasawa. Katika maandalizi lilifikiriwa bwawa ambalo lingaliinua maji na kuyazamisha mashamba zaidi mabondeni. Mwishoni ukachaguliwa mfumo wa kutumia maji kama yanavyopita, ili ardhi na watu wengi zaidi wasalimike. Dola tatu zilikubali kupata pungufu kwa ajili ya kudhuru pungufu. Kama wenye mitambo waliweza kuzuia tamaa yao mbele ya mto, mwenye kuchora mtaa hana udhuru.

Dai la mpita njia ni la namna nyingine. Rusumo yamjua vyema. Tarehe 6 Aprili 2016 Rais Magufuli wa Tanzania na Rais Kagame wa Rwanda walizindua daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha, vilivyojengwa kwa msaada wa Japani, na tangu hapo malori yaendayo na yatokayo Kigali huvuka kwa wepesi zaidi. Hili ni jambo jema, na nchi isiyo na bahari ina haki ya kufikia bandari kama mwenye kiu alivyo na haki ya kufikia kisima. Lakini yapasa kutenga kati ya njia ivukayo mto na njia iufuatayo. Njia ivukayo hugusa ukingo mahali pamoja, ikaenda zake. Njia kubwa iufuatayo huushika ukingo wote kwa urefu wake, na kama ni njia ya magari ya kasi, huwa ukuta usio na mawe: mtoto hawezi kuukata, mzee huogopa kuukata, na mto, ijapokuwa waonekana, huwa mbali kama ulio katika nchi nyingine.

Paris ilipata somo hilo kwa gharama. Mwaka 1967 ilifunguliwa barabara ya magari ya kasi kando ya ukingo wa kulia wa Mto Seine, na waliofanya hivyo waliiona kuwa ni maendeleo yenyewe. Karibu miaka 50 baadaye, mwaka 2016, mji huohuo uliyafungia magari sehemu ya ukingo huo na kuirudisha kwa waendao kwa miguu. Kizazi kizima kilizaliwa na kukua kikiutazama mto wake kupitia vioo vya magari. Mji mchanga hauna haja ya kununua kosa lililokwisha kununuliwa na mji mkongwe, yatosha kulisoma. Malori ya Rusumo yapewe daraja lake na uwanja wake wa kungojea, yasipewe ukingo. Apitaye mahali mara moja kwa wiki hana haki kubwa kuliko yule ambaye mahali hapo ndipo alipozaliwa na ndipo atakapozikwa.

Dai la mwenye mali husemwa kwa maneno mazuri, na mtu mwadilifu hana budi kulieleza kwa nguvu zake zote kabla ya kulijibu. Mwenye mali husema: njia hazijengwi kwa dua. Mitaro, taa, madaraja na kokoto huhitaji fedha, na halmashauri ya wilaya ndogo haina fedha. Viwanja vya ukingoni ndivyo vya thamani. Vikiuzwa vitalipia mitaa ya nyuma ambayo maskini hupita. Mkivizuia mtabaki na ukingo mtukufu ulio jaa la takataka, na mitaa ya matope. Maneno haya si ya kubezwa. Ukingo usio na mwenyewe mara nyingi huwa na adui tu, na ukosefu wa fedha umeharibu mito mingi kama ulafi ulivyoharibu.

Lakini hoja hiyo hudhani kwamba thamani ya kiwanja hutokana na kuushika mto, ilhali hutokana na kuukaribia. Hayo ni mambo mawili. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, Beit el Ajaib iliyojengwa 1883 haikupungukiwa heshima hata kidogo kwa kuwa barabara na bustani ya Forodhani viko kati yake na bahari. Kinyume chake, fahari yake ilionekana kwa sababu palikuwa na mahali pa kusimama na kuitazama. Na bustani hiyo, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa tena 2009, jioni hukusanya watu wa kila hali: mgeni, mchuuzi, mtoto apigaye mbizi, mzee apungaye upepo. Kama jumba lingaliteremka mpaka majini, mwenye jumba angalipata kidogo, na mji ungalipotewa na kingi.

Kanuni ya kwanza ya mitaa ya mtoni, basi, ni hii: njia ikae kati ya nyumba na maji, wala nyumba zisikae kati ya njia na maji. Nyumba na ziutazame mto kutoka ng'ambo ya njia. Uso wa jengo uelekezwe mtoni, maana mji ugeuziao mto mgongo huutupia mto takataka zake. Kila mtu huweka uchafu nyuma ya nyumba, si mbele. Kanuni ya pili ni kwamba kila mtaa uteremkao kutoka mlimani ufike mpaka ukingoni, usikatizwe na ukuta wala lango. Mtaa ulioishia katika ukuta wa mwenye mali ni sentensi iliyokatwa katikati: wa nyuma husikia kwamba pana mto, lakini hawaambiwi ni wao. Mwenye mali atauza, atajenga, atapata faida yake. Lakini atapata pamoja na wengine, si badala yao.

Kanuni hizi ni rahisi kuandika na ngumu kulinda. Baada ya moto mkubwa wa 1666, sheria ya kuujenga upya mji wa London iliagiza upana wa futi 40 kando ya Mto Thames uachwe wazi. Wenye maghala wakaweka mzigo leo, kibanda kesho, ukuta kesho kutwa, mpaka nafasi ile ikamezwa na agizo likafa. Ukingo wa umma haunyang'anywi kwa vita. Huliwa kama panya alavyo: hung'ata na kupuliza. Ndiyo maana mstari wa ramani hautoshi. Mahali pasipotumiwa na watu hutwaliwa na mtu. Njia iendwayo kila siku na wachotaji, wanafunzi na wachuuzi hulindwa na nyayo zao kuliko ilindwavyo na mawe ya mipaka.

Sasa lasalia dai la mkazi aliyetangulia, nalo ndilo liumizalo zaidi, kwa maana hapa haki mbili hugongana. Zile mita 60 ambazo ni kidogo mbele ya dola ni dunia nzima mbele ya mwenye kibanda. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Sheria imkingayo mto humwangukia kwanza yule ambaye hakuwa na mahali pengine pa kujenga. Hakuenda bondeni kwa ujinga, kama wasemavyo walioshiba. Alikwenda kwa hesabu. Aliupima uwezekano wa mafuriko mara moja kwa mwaka na hakika ya njaa kila siku, akachagua adui aliye mbali. Walioathirika na mafuriko ya 2011 walipopewa viwanja Mabwepande, nje ya mji, walipewa ardhi kavu mbali na kazi zao. Kati ya Desemba 2015 na mapema 2016 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zilibomolewa. Nairobi, katika mafuriko ya 2024, serikali iliamuru watu waondoke ndani ya mita 30 za mito, na vibanda vya Mathare na Mukuru vikavunjwa wakati matope yalikuwa hayajakauka. Kila mara sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli: mto huua. Lakini ukweli waweza kusemwa kwa namna ya dhuluma.

Tena kuna ukali wa pili, ulio wa siri zaidi. Ukingo ukisafishwa, ukapandwa miti, ukapata njia nzuri, bei ya ardhi ya karibu hupanda. Aliyevumilia uvundo kwa miaka 20 hushindwa kulipa kodi ya manukato. Mto ulipokuwa mchafu ulikuwa wake. Ulipokuwa safi ulikuwa wa mwingine. Hapa ndipo swali la njia linapokuwa swali la maadili tupu: je, uzuri unaowafukuza walioteseka kwa ubaya uliotangulia waweza kuitwa wema?

Watu wawili hulijibu swali hili vibaya. Wa kwanza husema: basi usipendezeshwe ukingo, waachwe maskini na mto wao. Huyu hudhani kwamba huruma ni kumwacha mtu katika maji. Wa pili husema: maendeleo hayana budi kuwa na wahanga wake. Huyu hajapata kuwa mhanga. Jibu la haki haliko katikati ya hawa wawili. Liko mahali pengine, nalo ni katika mpangilio wa matendo. Tendo lilelile huwa haki au dhuluma kwa kutangulia au kuchelewa. Kumhamisha mtu kabla ya kumtafutia makao ni kumfukuza. Kumtafutia makao kabla ya kumhamisha ni kumwokoa. Mto ni uleule, mita ni zilezile, nyumba ni ileile, lakini tendo la kwanza na la pili hazifanani kama usiku na mchana. Katika mradi mpya wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliupitisha 2022 kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 200, wakazi waliorodheshwa na kulipwa fidia ili waondoke. Mtu aweza kuuliza kama fidia ilitosha, na ni wajibu kuuliza. Lakini kuorodheshwa kabla ya kuvunjiwa ni hatua ya kutoka katika nguvu kuelekea katika haki.

Kwa hiyo kanuni ya tatu: mtaa wa kwanza kuchorwa usiwe ule wa ukingoni. Uwe ule wa mahali watakapokwenda waondokao ukingoni, tena uwe karibu, kiasi cha kwamba mwanamke aliyekuwa akiuza mboga mtoni aweze kurudi kuziuza katika njia mpya kwa miguu yake. Waliolowa wakati wa mafuriko wawe wa kwanza kutembea pakavu. Mji utakaoweza kusema hivyo bila ya kuona haya umekwisha kujengwa vizuri, hata kama njia zake ni za changarawe.

Ngara ina ushuhuda wake katika jambo hili. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, katika mwaka ambao Kagera ilichukua maiti za waliouawa mpaka Ziwa Viktoria. Benako, penye ziwa dogo, pakawa mji mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania kabla ya kuwa na nyumba hata moja ya tofali. Katika mji ule wa majani na turubai hapakuwa na nafasi ya fahari. Ilibidi kujua kwanza maji yatoke wapi, na njia ya kuyaendea ipite wapi ili watu wasikanyagane na maji yasichafuke. Desemba 1996 wengi walirudishwa kwao, na mji ukaisha kama ulivyoanza. Fundisho lake halikuisha. Mwanadamu akivuliwa kila kitu, njia ya kwanza anayoihitaji ni ile iendayo majini. Mji ambao njia hiyo haikufikiriwa kwanza umesahau kwa nini watu hukusanyika.

Na fundisho la pili ni kwamba ukingo wa mto si mali ya walio hai peke yao. Katika Kagera yako makumbusho yasiyoandikwa. Mchoraji atakayepanga mtaa kando ya maji yale afikiri pia mahali pa kunyamaza: kivuli, jiwe la kukalia, upana ambao mtu aweza kusimama bila ya kusukumwa na mkokoteni. Si kila hatua ya ardhi ilipwe kwa faida. Mji usio na mahali pa kukumbuka ni soko, na soko hufungwa jioni.

Zikikubaliwa kanuni hizo, mambo madogo hujieleza yenyewe. Upana wa njia ya ukingoni upimwe kwa wachotaji wawili wakutanao na ndoo vichwani bila ya mmoja kushuka mtaroni, wala usipimwe kwa lori. Pawe na ngazi za kuteremkia majini, na kando yake mteremko wa pole kwa asiyeweza kupanda ngazi. Mifugo ipewe njia yake ya kwenda kunywa, mbali na mahali pa kuchotea, kwani Wahangaza, Washubi na Wasubi hawakuanza jana kufuga, na mji unaoona ng'ombe kuwa ni aibu utakunywa maji yaliyokanyagwa naye. Mitaro isimwage mtoni moja kwa moja. Ipite kwanza katika majani na mchanga. Ardhi iliyo karibu na maji isifunikwe kwa saruji, ili mto ukifura upate kuingia na kutoka bila ya kuvunja. Miti ipandwe kabla ya taa, kwa sababu taa hununuliwa kwa siku moja, lakini kivuli hakinunuliwi.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni maneno ya miji mikubwa, na kwamba Rusumo, Ngara na Biharamulo zina haja ya zahanati na shule kabla ya falsafa ya njia. Jibu ni kwamba zahanati yaweza kuhamishwa na shule yaweza kupanuliwa, lakini njia ikikwisha kuchorwa na viwanja vikauzwa kandokando yake, hudumu kuliko majengo yote. London iliungua, ikakataa michoro mipya ya akina Christopher Wren, ikajengwa sehemu kubwa juu ya mistari ya njia zake za kale. Nyumba huanguka, mstari hubaki. Kuchora vizuri hakuna gharama kubwa kuliko kuchora vibaya. Kufuta ndiko kwenye gharama. Mji maskini ndio usioweza kumudu kosa, maana hautakuwa na fedha ya kulivunja.

Tena sheria ya nchi yasema kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Neno mdhamini ni zito. Mdhamini hamiliki, huhifadhi. Kila ofisa ashikaye kalamu juu ya ramani ya mji, hata katika ofisi ndogo ya wilaya yenye meza moja, hushika sehemu ya amana hiyo. Atakayekuja kumdai hakuja bado: labda ni mtoto ambaye baada ya miaka 30 atateremka mtaa akitafuta mto wa babu zake. Akikuta ukuta, atajua aliuzwa kabla ya kuzaliwa. Akikuta njia, hatamjua aliyeichora, wala hatamshukuru, kwa maana ataona ni jambo la kawaida kwamba watu hufika mtoni.

Ukingo wa mto, basi, ni wa nani? Ni wa mto kwanza, ndipo uwe wa wote. Na katika wote, ni wa aliyetangulia kuuvumilia kabla ya kuwa wa aliyekuja kuufurahia. Sifa ya juu ya mchora njia ni kutosifiwa: kazi yake ikiwa ya haki, watu huipita bila ya kuifikiri, kama maji yapitavyo katika mkondo wake.